Nilipoihamisha Siku ya Soko

Yule maman alifika kwangu mara ya kwanza siku ya Jumamosi, akiwa ametembea kutoka Nyantende tangu asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na njia za Cimpunda zilikuwa matope matupu. Alivua viatu mlangoni, akavishika mkononi, akauliza kama ni hapa kwa madame wa Kingereza.

"Ni hapa, maman. Karibu, ingia."

"Miguu yangu iko muchafu."

"Ingia tu."

Aliketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiyetaka kukizoea. Alikuwa mjane, mkulima wa maharage na mihogo, umri wake karibu sawa na wa mama yangu. Alifungua kitambaa akatoa parachichi nne, akazipanga mezani moja moja, ndipo akaanza kusema.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari hapa Bukavu. Pia nilikuwa na kashe, muhuri wa mtafsiri aliyeapishwa. Zamani kashe hiyo ilikuwa inakauka wino: diploma moja leo, cheti cha ndoa mwezi ujao. Lakini tangu vita vilipouletea mji wakubwa wengine, watu walitawanyika. Waliofika kwenye nchi za Kiingereza walianza kuwaandikia waliobaki: mama, tuma karatasi, papa, tafuta mtu aandike kwa Kiingereza. Hivyo nyumba yetu ya vyumba viwili, iliyobanwa kati ya nyumba za majirani hata ukikohoa wanakupa pole, ikawa ofisi.

Binti wa yule maman alikuwa muuguzi katika kituo kidogo cha afya. Wiki moja ya vurugu aliletewa mtu mwenye jeraha la risasi, akamsafisha na kumfunga bila kuuliza ni wa upande gani. Siku chache baadaye jirani akamwonya kwamba jina lake linatajwa. Jumapili, baada ya misa, akaondoka na begi moja. Telefone aliiacha nyumbani makusudi, chini ya godoro, kwa sababu watu walisema telefone inaweza kumfuata mtu popote anapokwenda. Jumanne, siku ya soko, watu wenye silaha walikuja kwa mama yake wakauliza muuguzi yuko wapi. Mama akasema hajui, na kweli hakujua. Alhamisi, binti akiwa ameshavuka mpaka, akaazima telefone ya mtu, akampigia mama. Hapo ndipo mama alipomwambia kwamba walikuja.

Baada ya safari ndefu ambayo mama mwenyewe hakuijua vizuri, binti alifika katika nchi moja ya mbali, akaomba hifadhi. Wakamwambia alete ushahidi. Ushahidi wake ulikuwa mama yake.

Nilirekodi maneno ya maman kwenye telefone yangu, na wakati huohuo nikayaandika kwenye daftari. Alisema polepole, akinitazama mkono kuhakikisha kwamba naandika. Alipofika pale penye uzito akasema hivi: "Nilimuambia mutoto wangu, siku ya soko bale batu balikuya kumuuliza."

Baada ya "mutoto wangu" alipumua. Nilisikia alivyopumua. Nilijua kabisa anachosema: kwamba wale watu walikuja siku ya soko. Siku ya kumwambia binti ilikuwa nyingine, na alikuwa ameshaitaja.

Hapa lazima nieleze kidogo kazi yenyewe, kwa sababu kosa langu liko ndani yake na wala si kubwa kwa macho. Kiingereza kina neno "that", linalofanya kazi ya "kwamba" yetu. Sisi wa Bukavu tukiongea tunasema "kama": alisema kama atakuja. Kikitajwa kitenzi cha kusema, kama vile alisema, alieleza au alimwambia, neno hilo hutenga pande mbili. Kinachotangulia neno hilo ni mambo ya yule anayesema: alisema lini, alisema wapi. Kinacholifuata ni habari yenyewe iliyosemwa. Ukiandika "alimwambia kwamba siku ya soko walikuja", soko ni la wale waliokuja. Ukiandika "alimwambia siku ya soko kwamba walikuja", soko limekuwa la mama na binti. Maneno ni yaleyale, hakuna hata moja lililoongezwa.

Nilijua hayo. Lakini kulikuwa na kitu kingine nilichokijua zaidi. Chuoni tulifundishwa na mzee mmoja mkali ambaye hakupenda kuona "that" ikifuatwa na chochote isipokuwa mtendaji. Baada ya "that", alikuwa akisema, anza na mtu au kitu kinachotenda. Usianze na "in" wala "on" wala "at", sentensi itachechemea. Nilishika kanuni hiyo kama katekisimu. Nikaifundisha miaka kumi na nne. Kila mwaka niliiandika ubaoni, kila mwaka nikakata kwa kalamu nyekundu sentensi za wanafunzi walioivunja.

Jumapili mchana niliketi kwenye ordinateri, kompyuta yetu, kabla chaji haijaisha. Nilipofika kwenye sentensi ile niliiandika vizuri mara ya kwanza. Nakumbuka. Niliandika kwamba alimwambia binti yake "that on market day" wale watu walikuja. Nikaisoma. Jicho likaona "that", likaona "on" imeifuata, likakasirika. Nikaikata ile "on market day", nikaibandika nyuma, kabla ya "that". Sentensi ikatulia. Nikaona ni nzuri, nikaendelea na inayofuata.

Nikapiga kashe, nikatia sahihi. Jumatatu maman akaja kuchukua. Alishika karatasi ile kwa mikono miwili, akaitazama mistari asiyoweza kuisoma, akauliza:

"Yote niliyosema iko humu?"

"Yote, maman."

"Hata ile ya soko?"

"Hata hiyo."

Akanishukuru kwa Kiswahili, kisha kwa Kimashi, akaondoka.

*

Alirudi baada ya miezi minne. Safari hii hakuleta kitu, na hakuketi hadi nilipomwambia mara ya pili. Alikuwa amekonda. Alinipa telefone yake ndogo yenye kioo kilichopasuka, akasema kuna barua ndani yake, binti aliituma kwa picha, na tangu alipoituma hashiki tena simu akipigiwa.

"Aliandika neno moja tu chini ya ile barua," alisema. "Mutoto wa jirani alinisomea. Aliandika: Mama, kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Na mimi ndiyo naulizaka. Kwa nini nini? Nilifanya nini?"

Nilisogea dirishani kwenye mwanga, nikaipanua picha kwa vidole. Ilikuwa barua ya kumkatalia binti hifadhi. Kurasa za kwanza zilikuwa za sheria. Kwenye ukurasa wa tatu nilikutana na sentensi yangu, imewekwa kati ya alama za kunukuu, pamoja na namba ya ukurasa na sifa ya mtafsiri aliyeapishwa. Chini yake yule afisa alieleza kwa utulivu kabisa. Mama anasema alimwambia binti yake siku ya soko. Binti anasema siku hiyo hakuwa na telefone, alikuwa njiani, na hakuongea na mtu yeyote wa nyumbani hadi Alhamisi. Mambo hayo mawili hayawezi kuwa kweli pamoja. Kwa hiyo, aliandika, kuna sababu ya kuamini kwamba habari ya hao watu wenye silaha ilitungwa, na kwamba waliotunga hawakukumbuka kupatana juu ya siku.

Nilisoma mara ya pili, nikitumaini kwamba nimesoma vibaya. Niliikumbuka ile "on market day" na mahali nilipoitoa.

"Iko nini?" maman aliuliza.

Ningesema pale pale. Maneno yalikuwa mafupi: maman, ni mimi. Badala yake nilisikia sauti yangu ikisema, "Ni barua ndefu, maman. Niachie niisome vizuri. Nitakuita."

Akaniangalia kama mgonjwa anavyomwangalia daktari aliyekaa kimya. Akanitumia ile picha kwenye telefone yangu, tukisaidiana kubonyeza, akaenda.

Sikumwita. Wiki nzima sikumwita. Alinipigia mara mbili nikaiacha telefone ilie juu ya kabati, nikijiambia niko darasani, ingawa nilikuwa nyumbani nachambua mchele.

Siku ya tatu nilimwambia mume wangu. Yeye ni fundi wa radio na telefone, mtu wa maneno machache. Alinisikiliza hadi mwisho, akaomba daftari nililoandikia maneno ya maman siku ile. Nikampa. Akasoma kwa sauti, moja kwa moja, bila kupumua mahali: "Nilimuambia mutoto wangu siku ya soko bale batu balikuya kumuuliza."

"Si unaona?" akasema. "Hapa yenyewe haieleweki. Hakuna virgule, ile alama ya kupumzikia, hakuna 'kama'. Hata mimi nikisoma, naona alimuambia siku ya soko."

"Lakini mimi nilimsikia. Alipumua."

"Kupumua haiko kwenye karatasi. Sema yeye ndiye alisema vibaya. Hautakuwa umesema uongo."

"Na ile rekodi?"

"Nani anajua kama iko?"

Hakusema kwa ubaya. Tulikuwa na watoto watatu, mishahara ya walimu ilikuwa imesimama, na kashe ndiyo iliyokuwa inapika. Nilimjibu kwamba nitafikiri. Kweli nilifikiri, na kadiri nilivyofikiri ndivyo njia yake ilivyozidi kuonekana nyepesi. Mama asiyejua kusoma, mwenye Kimashi chini ya Kiswahili chake, amesema sentensi isiyo wazi: nani angeshangaa? Afisa yule asingeshangaa. Hata yeye mwenyewe maman angeamini, nikimwambia. Angerudi Nyantende akijilaumu, na angejilaumu hadi kaburini. Nilipofika hapo kwenye mawazo yangu niliogopa, kwa sababu niliona jinsi jambo lile lingewezekana bila shida.

Kesho yake nilikuwa nasahihisha daftari za darasa la tano la sekondari. Zoezi lilikuwa la kuripoti maneno ya mtu. Msichana mmoja alikuwa ameandika kwa Kiingereza chake cha kujitahidi kwamba padri alisema kwamba asubuhi wataondoka. Baada ya "that" aliweka "in the morning". Kalamu yangu nyekundu ilikuwa imeshafika juu ya maneno hayo na kuanza mstari. Nikaisimamisha. Ile sentensi ilikuwa sahihi. Kwenye zoezi padri alisema jioni. Kuondoka ndiko kulikokuwa asubuhi. Kama ningeisahihisha kwa kanuni yangu, padri angekuwa amesema asubuhi, na hakuna ambaye angejua watu wanaondoka lini. Nilitazama ule mstari mwekundu wa nusu, nikafunga daftari. Sikuweza kusahihisha mengine siku hiyo.

*

Jumamosi nilichukua moto, pikipiki ya abiria, hadi njia ilipoharibika, kisha nikatembea. Nilimkuta maman mbele ya nyumba yake anamenya maharage mabichi. Aliponiona hakuinuka. Alinisogezea kiti kidogo kwa mguu.

"Nilikuita, haukushika," alisema.

"Ni kweli, maman. Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini kwangu?"

Nikamwambia. Nilijaribu kutumia maneno machache, bila "that" wala kanuni. Nilisema: wewe ulisema wale watu walikuja siku ya soko. Mimi nikaandika kwamba wewe ulimwambia binti yako siku ya soko. Binti alikuwa ameshawaambia wale wa hifadhi kwamba mliongea Alhamisi. Wakaona mnapingana, wakasema mmetunga.

Aliacha kumenya, ganda moja likiwa mkononi.

"Sikusema hivyo," alisema.

"Haukusema hivyo. Nilikuelewa vizuri. Nilihamisha maneno nikidhani napendezesha."

"Unapendezesha."

"Ndiyo, maman."

"Ile siku nilikuuliza. Nilikuuliza ya soko iko humu, ukasema iko."

"Uliniuliza."

Alitikisa kichwa. Sauti yake haikupanda, na ningependa ingepanda. "Siku hizi zote mutoto wangu anajua kama mama yake alimuongopea mbele ya wazungu. Anafikiri nilisema ovyo, ao nilinunuliwa. Unajua mimi nililala namna gani? Nilikuwa nahesabu maneno yangu yote, moja moja, natafuta ile iliyomukosea. Na maneno ilikuwa yako."

Nikamuomba msamaha. Hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu, "Muite. Muambie yeye."

Binti hakushika. Tulijaribu kwa telefone yake, tukajaribu kwa yangu. Mwishowe nikamwachia ujumbe wa sauti. Nikajieleza mimi ni nani, nikamwambia kilichotokea kama nilivyomwambia mama yake, kisha nikamtumia ile rekodi ya siku ya kwanza, kipande kile kile, pamoja na pumzi yake. Tukangoja. Maman aliendelea kumenya, na mimi, kwa kukosa pa kuweka mikono, nikaanza kumenya pamoja naye. Hakunikataza.

Jibu lilikuja wakati sufuria imeshawekwa motoni. Hakutuma ujumbe, alipiga. Maman aliishika telefone mbali na uso kama kitu cha moto, akanipa mimi.

"Wewe ndiye uliandika?" sauti ya msichana iliuliza.

"Ni mimi."

"Nilisikiliza mara tano. Mama iko hapo?"

Nikabonyeza sauti itoke nje, nikarudisha telefone kwa maman. Maman akaisogeza mdomoni.

"Mutoto wangu. Nilikuambia siku gani?"

"Siku ya ine, mama, ile Alhamisi. Nilikuwa nimeazima simu ya yule dereva."

"Na bale batu balikuya lini?"

"Siku ya soko."

"Basi," alisema maman. "Ndiyo niliyosema."

Upande wa pili kikaja kilio cha mtu aliyejifunika mdomo ili wenzake wa chumbani wasisikie. Maman hakulia. Aliendelea kusema, "Basi, basi, mama," kama anambembeleza mtoto wa mgongoni. Niliinuka nikasimama nyuma ya nyumba, kati ya migomba, hadi walipomaliza.

*

Avoka wa binti, mwanasheria wa huko huko, aliniandikia baada ya siku mbili. Alitaka nieleze kwa maandishi, chini ya kiapo, namna kosa lilivyotokea. Alikuwa mtu makini. Aliniuliza swali lile lile la mume wangu, kwa lugha ya heshima zaidi: je, maneno ya asili kwa Kiswahili yana utata? Ikiwa yana utata, alisema, itakuwa rahisi zaidi kwa kila mtu, na mimi mwenyewe nitakuwa salama.

Nilikaa na swali hilo siku nzima. Kwenye daftari yalikuwa na utata, hilo lilikuwa kweli. Mtu yeyote angeweza kuliapia. Mume wangu alikuwa anatengeneza radio upande wa pili wa meza, hakuinua macho, lakini nilijua anangoja.

Mwishowe niliandika kwamba maandishi yana utata lakini sauti haina. Kwamba nilielewa maana yake sawasawa. Kwamba niliandika sentensi sahihi kwanza, kisha nikaibadilisha kwa sababu ya kanuni ya mtindo niliyoiamini. Nikaambatisha rekodi. Nikaandika sentensi zote mbili, moja chini ya nyingine, ili afisa aone soko likihama.

"Umejikata mukono," mume wangu alisema nilipomsomea.

"Labda."

"Sisemi ulifanya vibaya." Akarudi kwenye radio yake.

Nakala moja nilipeleka kule nilikoapishwa, kwa sababu sikutaka waisikie kutoka kwa mtu mwingine. Karani aliisoma akicheka mwanzoni, akidhani nimekuja kushtaki mtu. Alipoelewa kwamba ninajishtaki mwenyewe aliacha kucheka, akaita mkubwa wake. Waliniomba niache kashe pale hadi watakapoamua. Hawajaamua hadi leo. Shirika moja lililokuwa likinipa kazi za kutafsiri nalo liliacha kunipigia. Hawakunieleza sababu.

Binti alipewa kikao kipya. Kilichukua muda: miezi ya kungoja, tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena. Siku ya kikao maman alikuja mjini, akakaa kwangu tangu asubuhi kwa sababu kule Nyantende mtandao ulikuwa unakatika. Nilimpikia bugali na samaki wadogo, akala kidogo. Ilipofika mchana telefone yake ililia. Alisikiliza, akasema "Mungu wangu" mara tatu, akaikata bila kuaga, akajifunga kitenge upya kana kwamba anaondoka. Kisha akaketi tena.

"Wamemukubali," alisema.

Nilianza kulia, yeye akanitazama nikilia. Nilipomaliza aliniambia jambo ambalo silisahau. "Ulitengeneza. Ni vizuri, asante. Lakini zile siku zote alinifikiri niko mama wa namna gani, ile hakuna mutu atanirudishia. Hata yeye hawezi. Anaponiita sasa, anauliza mara mbili mbili: mama, uko sure ni siku ile? Mbele ya ile barua hakuwa anauliza hivyo."

Akavaa viatu mlangoni na kuondoka. Tangu siku hiyo tunasalimiana tukikutana, kwenye paruasi, kanisani kwetu, au sokoni. Ananiuliza habari za watoto. Nami namuuliza habari za binti, anasema yuko, anafanya kazi ya kuosha wazee katika nyumba ya wazee, anajifunza lugha. Zaidi ya hapo hatuendi.

Mimi niliendelea kufundisha. Lakini kulikuwa na sanduku la chuma chini ya kitanda, ndani yake nakala za tafsiri zangu zote za maelezo ya watu, dosie baada ya dosie, kila mtu na faili lake. Kwa muda mrefu nilikuwa nazunguka sanduku hilo nikifagia. Wakati wa likizo, watoto wakiwa kwa bibi yao, nililivuta nje.

Nilisoma siku tatu. Nilikuwa natafuta vitenzi tu: alisema, alieleza, alithibitisha, aliripoti. Nikivikuta natazama kinachofuata. Mara nyingi haikuwa kitu, mahali au wakati uliohama bila kumdhuru mtu. Ukisoma ukurasa mzima unaelewa. Lakini kulikuwa na mengine. Mwanamke aliyesema kwamba kanisani waliambiwa wakimbie, nami nikaandika kwamba alisema kanisani. Mzee aliyesema kwamba baada ya mazishi mwanawe alichukuliwa. Kwa mkono wangu akawa amelisema hilo baada ya mazishi, na siku ya kuchukuliwa ikabaki haijulikani. Niliyatoa hayo nikayaweka kando. Yalikuwa sita, nikaanza kuwapigia wenyewe.

Namba tatu hazikupatikana kabisa. Moja ilishikwa na mtu asiyemjua niliyemtafuta. Yule mwanamke wa kanisani alinisikiliza, akasema dosie yake ilipita, watoto wake wako Kampala wanasoma, nisijali. Nilikaa chini kwa kushukuru kabla ya kupiga namba ya mwisho.

Yule mzee, mlimaji wa mpunga wa Luberizi, alishika mwenyewe. Ilibidi nipaze sauti, alikuwa shambani na upepo ulikuwa unavuma kwenye telefone. Nilimweleza taratibu, nikarudia. Nikamuuliza dosie ile ya kuomba wapelekwe nje iliishia wapi.

"Ah, madame," alisema. "Ile iliisha zamani. Walitukatalia. Tulirudia kwetu."

"Walisema sababu gani, papa?"

"Sababu sijui, ilikuwa Kingereza." Nikasikia anamwambia mtu aliye karibu naye angoje kidogo. Halafu akarudi, sauti yake ikiwa na upole ule ule niliousikia kwenye rekodi yake. "Na wewe, madame? Kule Bukavu muko mzuri? Watoto wanasoma?"

Nikamwambia wanasoma. Nikamwambia pia kwamba nataka kuandika upya maelezo yake, sahihi, kama bado anataka. Upepo ukaendelea kuvuma.

"Andika," alisema. "Siku nikipanda Bukavu utanisomea kwa Kiswahili. Nisikie kama ni mimi."